Fimbo ya Chale

Jioni moja mjukuu wangu wa kike, anayesoma darasa la tano, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu upesi. Tulikuwa sebuleni, hapa nyumbani Chunya. Yeye na ndugu zake walikuwa wameikodolea macho televisheni, ambamo mchekeshaji mmoja kijana, amevaa koti la manjano na miwani mikubwa kama visosi, alikuwa akijiangusha jukwaani huku watu wakimshangilia. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Matangazo ya biashara yalipoingia, akanigeukia. "Babu, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unampenda nani kwenye televisheni?"

Nikamjibu kwamba hapakuwa na televisheni. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba babu yake alikua bila chakula.

Ndugu msomaji, nilizaliwa mwaka 1950. Wenzetu wa Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijaiota. Sisi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kabla ya hapo serikali iliiona televisheni kuwa anasa ya watu wachache wa mjini. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka arobaini na minne, mwalimu mkuu mwenye mvi za kwanza. Waliokua wakimtazama King Majuto na Mzee Small ni wanangu, si mimi.

Hata hivyo usiku ule, nikiwa kitandani, swali la mtoto lilikataa kulala. Niligundua kwamba jibu langu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa kamili. Televisheni hatukuwa nayo, ila watu wa kututoa macho tulikuwa nao. Watu hao walinilea kwa namna ambayo sikuwahi kuikiri, na mmoja wao nilimsaliti. Naomba nieleze.

Chunya ya utoto wangu ilikuwa mji wa vumbi na matumaini. Watu walikuwa wameanza kumiminika katika machimbo ya dhahabu ya Lupa tangu mwaka 1922, na kila aliyekuja alikuja na lugha yake na ngoma yake. Walikuwapo Wanyamwezi, Wabena, Wakinga, Wanyasa kutoka ng'ambo ya ziwa, na sisi Wanyakyusa. Baba yangu alitoka Rungwe kuja kufanya kazi katika mgodi wa Saza. Mgodi ule ulipofungwa mwaka 1956, hakurudi kwao. Alinunua cherehani ya miguu, akakodi kibaraza cha duka moja la Mhindi hapa mjini, akawa fundi nguo.

Mtu wa kwanza kunitoa macho alikuwa kiongozi wa mganda. Mganda ni ngoma waliyokuja nayo Wanyasa, na wachezaji wake hupangwa mistari kama askari. Wetu walivaa kaptura nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zikakata, soksi ndefu, na wengine tai. Kiongozi wao siku za kazi alikuwa mchota maji tu, mtu asiyesalimiwa na wakubwa. Siku ya Jumapili, filimbi ikiwa mdomoni na usinga mkononi, alitembea kama gavana. Aliinua kidole, watu arobaini wakageuka. Nilikuwa nikimfuata nyuma, kaptura yangu imechanika, nikijaribu kutembea kama yeye. Kwa mara ya kwanza nilifahamu kwamba mtu anaweza kuwa mnyonge Jumamosi na mfalme Jumapili, na kwamba nguo, mwendo na ujasiri ndivyo vinavyomvusha.

Wa pili alikuja kwa gari. Mara moja kila kiangazi gari la sinema la serikali lilipanda mlima kutoka Mbeya, likaegeshwa karibu na boma. Mchana kutwa lilizunguka mitaani likitangaza kwa kipaza sauti. Giza lilipoingia, kitambaa cheupe kilitandazwa kati ya nguzo mbili, jenereta ikanguruma, nasi watoto tukaketi chini mbele kabisa, vumbi likitujaa puani. Shabaha ya serikali ilikuwa kutufundisha kuchimba vyoo, kuua mbu na kulima kwa matuta. Lakini waliolituma gari lile walikuwa na akili. Walijua kwamba kwinini hunyweka vizuri zaidi ikiwa na sukari, kwa hiyo kati ya choo na matuta walituwekea kijitu kimoja kifupi.

Kijitu chenyewe koti lilikuwa limembana, suruali inamwagika, viatu vikubwa vimeelekea kila kimoja upande wake. Kichwani kofia ngumu nyeusi, chini ya pua masharubu madogo kama kipande cha mkaa, na mkononi fimbo nyembamba iliyopindika kila alipoiegemea. Hatukujua kwamba jina lake ni Charlie Chaplin, wala kwamba alizaliwa London mwaka 1889 katika umaskini uliozidi wetu. Sisi tulimwita Chale, na Chale amebaki nasi. Jina lake limekuwa neno la Kiswahili na limeingia katika kamusi zetu: mtu mcheshi, mwenye vituko, ni chale. Sijui wafalme wangapi wa Kizungu waliopata heshima hiyo.

Hakusema neno, na hakuhitaji. Mnyamwezi na Mnyasa walicheka kwa pamoja bila mkalimani. Hata hivyo serikali ilikuwa imeleta msemaji, bwana mmoja aliyevaa shati jeupe na kushika kipaza sauti kando ya kitambaa. Alitueleza tulichokuwa tunakiona, kisha akatueleza na tusichokiona. "Mtazameni! Anafikiri polisi hajamwona!" Polisi alikuwa mnene, Mzungu, na Chale alimpitia katikati ya miguu, akampiga teke, akainua kofia kumsalimu, akatimua mbio. Uwanja mzima ukalipuka. Nyuma yetu, kwenye viti, walikuwa wameketi Bwana Shauri na maofisa wake, na nilipogeuka niliona nao wanacheka. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye rungu la serikali anaweza kuchekwa hadharani, na kesho yake asubuhi pasiwe na mtu aliyefungwa.

Siku ya pili niliiba yadi ya baba, ule ubao mwembamba wa kupimia vitambaa, nikaifanya fimbo ya Chale. Nikavaa viatu vya baba, nikajipaka mkaa chini ya pua, nikawachekesha wateja wake hapo kibarazani. Walinitupia senti. Baba aliporudi kutoka msalani, alinipokonya yadi na kunichapa nayo mbele ya watu walewale waliokuwa wakicheka. "Sikukuzaa uwe mhuni," aliniambia. Yadi ilivunjika, na kwa mwezi mzima alipima nguo kwa kamba yenye mafundo.

Wa tatu alikuwa mtu wetu. Siku nyingine gari lile lilileta sinema ya Kiswahili, iliyochezwa na Waafrika hapa hapa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Iliitwa Muhogo Mchungu. Huwezi kuelewa, wewe uliyezaliwa na picha za watu wako kila upande, ilivyokuwa kuona kwenye kitambaa kile mtu mweusi anayesema lugha yako. Wazee walisimama. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana kutoka upande wa Songea, aliyesoma Tabora na kufanya kazi katika idara ya ustawi wa jamii. Tulirudi nyumbani tukiigiza maneno yake njia nzima, ila mimi niliyasema kwa sauti ya chini nilipokaribia mlango wa baba.

Mwezi Januari mwaka 1962, wiki chache baada ya Uhuru, nilikuwa nimekaa miguuni pa cherehani nikiokota vifungo. Redio ya dukani ikatangaza kwamba Mwalimu Nyerere amejiuzulu uwaziri mkuu ili akijenge chama, na kwamba nafasi yake imechukuliwa na Rashidi Mfaume Kawawa. Mteja mmoja akasema, "Si ndiye yule wa Muhogo Mchungu?" Baba akauondoa mguu kwenye pedeli. Gurudumu likazunguka lenyewe mpaka likasimama.

"Yule wa sinema?"

"Ndiye huyo huyo, fundi."

Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Basi kumbe mchezo si uhuni." Hakuniomba radhi, kwa kuwa baba wa wakati ule hakumwomba mtoto radhi. Lakini Jumapili iliyofuata alinishonea kaptura nyeupe. Kawawa alifika mbali, akawa Makamu wa Rais, kisha Waziri Mkuu tena kuanzia mwaka 1972 hadi 1977, na nchi ikamwita Simba wa Vita. Alipofariki tarehe 31 Desemba 2009, watu walimsifu kwa mengi. Mimi nilimkumbuka kwa kaptura ile.

Ualimu niliusomea Chuo cha Mpuguso, kule Rungwe. Mkufunzi wetu mmoja alitufundisha kwamba darasa ni uwanja. Alituambia tusiupe darasa mgongo, kwa sababu ubao haujifunzi. Alitufundisha kupandisha sauti na kuishusha, kunyamaza kabla ya neno muhimu, kutembea. Wenzangu waliyaona hayo kuwa magumu. Mimi nilikuwa nimeshayapata kwa kiongozi wa mganda na kwa Chale. Nilipoanza kazi mwaka 1970, nilifundisha kugawanya kwa kujifanya mwenye duka mlafi, na jiografia kwa kutembea kama ngamia. Watoto walinipenda. Wakaguzi waliandika kwamba nina kipawa.

Kisha nikapewa ukuu wa shule. Hapo ndipo penye jeraha.

Ukuu una ugonjwa wake. Pole pole nikaacha kutembea kama ngamia. Baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977 madarasa yalifurika, walimu hawakutosha, na mimi nikaona kwamba bila woga shule haitaendeshwa. Nikawa natembea na fimbo nyuma ya mgongo. Nilikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema, na kuanza kila hotuba kwa maneno "yaani, kwa kifupi," kisha nikasema nusu saa. Mimi mwenyewe sikuyajua haya. Nilijulishwa.

Mwaka 1986, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilisikia kicheko kikubwa nyuma ya darasa la sita. Nikaenda taratibu. Mvulana mmoja, ambaye sitamtaja jina, alikuwa amesimama juu ya gogo. Mikono nyuma, kijiti mkononi, tumbo mbele. Akakohoa mara mbili. "Yaani," akasema kwa sauti yangu, sauti yangu kabisa, "kwa kifupi..." Watoto wakaanguka chini. Nikaona na mwalimu wangu mmoja dirishani, amefunika mdomo kwa kitabu cha mahudhurio.

Kesho yake, mbele ya shule nzima mstarini, nilimchapa fimbo sita. Hakulia. Nilipomaliza alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, Mwalimu," kama tulivyokuwa tumewafundisha kusema. Tangu siku hiyo hakupanda tena gogo. Hakunyoosha tena kidole darasani. Alikuwa mtoto anayejibu kabla swali halijaisha. Akawa mtoto wa kuitikia jina tu. Darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea, kama walivyokuwa wengi enzi hizo, akaenda zake machimboni. Nami nilijiambia kwamba nimelinda nidhamu ya shule.

Kiswahili kina chale mbili. Kuna chale anayechekesha, na kuna chale ya wembe, ile alama inayokatwa mwilini na isiyofutika. Nilipaswa kujua tofauti yake, mimi niliyevunjiwa yadi mgongoni nikiwa na miaka tisa.

Miaka kumi na miwili ilipita. Mwaka 1998 nilitumwa Makongolosi kusimamia mtihani wa darasa la saba. Jioni, kwa kukosa la kufanya, nilifuata mlio wa jenereta mpaka kwenye banda la video la mbao na turubai, nikalipa shilingi mia, nikaketi benchi la nyuma kati ya wachimbaji waliojaa vumbi jekundu. Ilikuwa sinema ya Kichina ya ngumi. Lakini Kichina chenyewe hakikusikika, maana kando ya televisheni alikuwa ameketi mtu mwenye kipaza sauti akiwasemea wote, kama Lufufu alivyokuwa akifanya Dar es Salaam. Aliwasemea mabinti, wazee, farasi. Bwana mmoja wa Kichina alizungumza Kinyakyusa kwa mkewe. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sauti ile ilinirudisha kwenye uwanja wa boma, kwa yule msemaji wa gari la sinema.

Kisha akatokea mzee mwenye ndevu nyeupe, mkuu wa chuo cha ngumi, fimbo nyuma ya mgongo. Msemaji akakohoa mara mbili.

"Yaani, kwa kifupi..."

Banda zima likacheka. Walikuwa wamezoea, mzee yeyote mwenye fimbo, katika sinema yoyote, alipewa sauti hiyo. Mimi peke yangu ndiye niliyejua mwenye sauti yuko benchi la nyuma. Nilihisi joto likinipanda shingoni. Halafu, ndugu msomaji, nikacheka pia, kwa sababu alikuwa amenipatia barabara.

Sinema ilipokwisha na taa kuwashwa, aliniona. Alisimama kama aliyepigwa na umeme. "Shikamoo, Mwalimu." Akanirudishia shilingi mia yangu kwa mikono miwili, akanivutia kiti, akaagiza chai. Alikuwa na mke, watoto wawili na banda lake mwenyewe. Tukaongea ya mvua na ya bei ya dhahabu. Nilipokuwa nikiaga, nikajikaza.

"Mwanangu," nikasema, "zile fimbo za mwaka ule..."

"Yameisha, Mwalimu."

Alisema hivyo upesi, kwa adabu, akitazama chini. Alinisamehe, lakini hakusema kwamba nilikuwa na haki, nami nashukuru kwamba hakusema. Nilitembea kurudi nilikolala nikijiuliza ni watoto wangapi wengine niliowanyamazisha ambao hawakupata jenereta na kipaza sauti.

Sitadanganya kwamba niliitupa fimbo asubuhi iliyofuata. Mtu wa miaka arobaini na minane habadiliki kwa usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2002 zilipoweka kikomo cha viboko vinne, nilikuwa nimeshashuka chini ya hapo, na nilikuwa nimeiacha kabisa miaka kadhaa kabla ya kustaafu mwaka 2010. Lakini jambo moja nilifanya mara tu niliporudi. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, shule nzima ilikutana chini ya mwembe, na wanafunzi waliruhusiwa kumwigiza mtu yeyote, mwalimu mkuu akiwamo. Sharti lilikuwa moja: usimwigize mtu kwa kilema chake, mwigize kwa tabia yake. Nilijifunza mengi juu yangu chini ya mwembe ule, na hakuna mkaguzi aliyepata kuniambia hata robo yake. Wala nidhamu haikuanguka. Kumbe mtoto aliyekwisha kukucheka mbele yako hana haja ya kukucheka nyuma yako.

Asubuhi nilimwita mjukuu wangu, nikampa jibu la swali lake. Nikamtajia kiongozi wa mganda, nikamtajia Chale, nikamtajia kijana wa Muhogo Mchungu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Nikamweleza na habari ya mvulana wa juu ya gogo, maana si haki kumwonyesha mtoto sherehe ukamficha deni. Alisikiliza kimya. Kisha akasema, "Huyo Chale alikuwa anatembeaje?"

Magoti yangu si ya kazi hiyo tena. Lakini nilichukua mkongojo wangu, nikavaa kofia, nikatupa miguu nje, nikavuka sebule. Watoto walipiga kelele. Kuna aliyesimama mbele ya televisheni bila hata kuigeukia.

"Nipe, Babu, na mimi nijaribu," mjukuu wangu akasema. Nikampa mkongojo. Akaupeleka nyuma ya mgongo, akatanguliza tumbo, akakohoa mara mbili.